Nimekipiga Pasi Tu

Anayesema kufuma ni shughuli ya watu wasio na shughuli hajawahi kufika dukani kwa Fundi Jumamosi saa nane mchana, akaona watu wazima wanavyonuniana kwa ajili ya tundu moja lililorukwa. Saa hiyo vyerehani vilifunikwa, meza ya kukatia ikaondolewa mikasi na chaki, na watu wanne wakaizunguka, kila mmoja na sindano yake ya kroshia na uzi wa rangi yake. Fundi mwenyewe, mjane asiye na maneno mengi, alifuma nyekundu. Mama Pacha alifuma njano. Pacha wake walikuwa na ndevu sasa, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Karani, mstaafu wa mahakamani na mwanamume pekee mezani, alifuma buluu, na aliyemcheka aliambiwa kwamba miaka thelathini ya kuandika hukumu za watu humfanya mtu atamani kuandika maua. Na Mwalimu, mkubwa wao kwa umri na kwa ufundi, alifuma kijani.

Kila mwaka walitoa blanketi moja la vipande vilivyounganishwa, likamwendea yeyote kati yao aliyepata mjukuu. Vipande vilitupwa kwenye kapu moja katikati ya meza. Aliyeokota kipande chenye kosa alitakiwa kukifumua na kukifuma upya, bila kuuliza na bila kusema. Sheria hiyo aliiweka Mwalimu mwenyewe, siku Mama Pacha alipoangua kilio kwa kusahihishwa mbele za watu. Kwa miaka kumi na miwili walifumuliana kimyakimya na hakuna aliyegombana tena, isipokuwa kwa mambo ya siasa na ya nani alikula biskuti ya mwisho.

Mwaka huo zamu ya mjukuu ilikuwa ya Mwalimu. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa na mimba baada ya miaka tisa ya kungoja, na Mwalimu hakuwa na habari nyingine mdomoni. Kila kipande alikigusa kama mtoto keshafika. Kabla blanketi halijafika nusu, akapanda kiti kufuta kioo cha dirisha la jikoni, kiti kikateleza, na mkono wa kulia ukapita kwenye kioo. Kano za vidole viwili, cha kati na cha pete, zikakatika.

Madaktari walimshona kwa saa nne. Wenzake walipofika wodini walimkuta mkono umefungwa kama furushi na kuinuliwa juu ya mito, na walikuwa wameshakubaliana kwenye ngazi kwamba hakuna wa kulia mbele yake. Mama Pacha alikuwa ameshalia hukohuko kwenye ngazi ili amalize. Karani alisimama miguuni pa kitanda, akakohoa, akasoma hukumu dhidi ya kiti cha jikoni: kwamba kimepatikana na hatia ya kumwangusha mtumishi wa umma mstaafu, na kitatumikia kifungo cha maisha nyuma ya mlango. Mwalimu alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni.

"Nitafuma tena," Mwalimu aliwaambia walipokuwa wanaaga. "Mjukuu wangu hatafunikwa na blanketi la dukani. Niandikieni hapo."

"Nimeshaandika," Karani akasema. "Na muhuri nimegonga."

Wote wakacheka. Fundi alicheka pia, lakini alikuwa ameviona vile vidole viwili vilivyochungulia kwenye bandeji, vimevimba na kunyooka, na roho ilimwuma.

Wiki ya sita dada wa mazoezi ya viungo, yule wa pale hospitali, alimruhusu kazi nyepesi za mkono. Alimwambia kwanza akunje vidole mara ishirini kila saa, kisha, akipenda, afume kidogo. Mwalimu alisikia neno kufuma, mengine yote yakampita. Jumamosi hiyo alikuja dukani kabla ya wenzake wote, amevaa nguo ya kutokea.

Ilikuwa shida kumtazama. Aliishika kroshia kwa kidole gumba na cha shahada, vile viwili vilivyoumia vimesimama wima kama havihusiki, akawa anausogeza mkono mzima kutoka begani. Jasho lilimtoka puani. Macho yake hayakuwa mazuri tangu zamani, na miwani ilikuwa inamshukia kila mara, hana mkono wa kuirudisha. Kwa saa mbili alitoa kipande kimoja kilichojikunja pembe zote nne, matundu mengine makubwa ya kupitisha kidole na mengine yamebanana. Akakitupa kapuni bila kukitazama mara ya pili.

"Mkono umekufa huu," akasema taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kumsikia akikata tamaa.

Jumatatu, dukani pakiwa kimya, Fundi alikitoa kile kipande kapuni. Hakufikiri sana. Kilikuwa kipande chenye kosa na yeye ndiye aliyekiokota. Alikifumua chote mpaka uzi ukabaki na mawimbi yake, akakifuma upya kwa kuiga mkono wa Mwalimu alioujua, mishono ya kukaza kidogo na pembe kali. Kisha akakinyunyizia maji na kukipitishia pasi.

Jumamosi Mwalimu alikikuta mezani kimelala sawasawa kati ya vingine. Alikiinua, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza.

"Hiki si changu."

"Ni chako," Fundi akasema. "Nimekipiga pasi tu."

Ni kweli pasi hunyoosha kazi ya mtu, kila mfumaji anajua hivyo, na Mwalimu alijua kuliko wote. Lakini pasi haipunguzi tundu wala haiongezi mshono. Mtu mwenye akili kama zake angeuliza. Hakuuliza. Uso ulimkunjuka polepole, akakaa, akakiweka kile kipande mapajani na kukifunika kwa kiganja cha mkono wa kushoto.

"Kumbe hali si mbaya hivyo," akasema. "Kumbe vilikuwa vinataka kunyooshwa tu."

Nani angemkatiza? Fundi hakuthubutu. Mama Pacha alimtazama Fundi, akaelewa, akainama kutafuta uzi ambao haukuanguka. Karani alielewa pia, na walipobaki watatu wakifunga duka alisema bila masihara kwamba kule alikofanya kazi jambo hilo liliitwa ushahidi wa uongo. Mama Pacha akamjia juu. "Mwache apate raha yake, shemeji. Ukimwambia leo kesho hatoki kitandani." Wiki iliyofuata Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kumvika Mwalimu kilemba cha ukoka, akisema kipande kimemshinda hata yeye mwenye vidole kumi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mwalimu alitokwa jasho, Fundi akafumua, pasi ikasifiwa. Mwalimu alirudiwa na furaha yake. Akatania, akaimba, akarudi kugombea biskuti. Kipande kimoja kati ya vile alikituma kwa binti yake ndani ya bahasha, na ujumbe kwamba mkono wa mama umerudi. Mazoezi ya mara ishirini kila saa aliyaacha. Aliwaambia kufuma ndiyo mazoezi yenyewe, na matokeo yanaonekana kwa macho.

Wiki ya kumi Fundi alimsindikiza kliniki. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole na foleni ndefu mlangoni, alimwambia akunje ngumi. Vidole viwili vilishuka kidogo na kukwama. Daktari alivisukuma kwa dole gumba lake, akatikisa kichwa.

"Kano zimegandana na kovu, mama. Ningependa tufungue tena wiki ijayo nizibandue. Huu ndio wakati wake. Tukingoja kovu likomae, itakuwa vigumu."

Mwalimu alibadilika rangi. Ile operesheni ya kwanza aliiogopa kuliko alivyowaonyesha, na hilo Fundi alilijua, maana ndiye aliyelala naye wodini akimsikia akitetemeka. Sasa Mwalimu alifungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akatoa vipande vitatu vya kijani, akavipanga mezani juu ya faili lake.

"Daktari, mkono unaofanya hivi ni wa kukatwa tena?"

Daktari alikishika kimoja, akakivuta pembe, akahesabu mishono kwa kucha. Mama yake mwenyewe alifuma, akasema, na anajua kazi ndogo kama ile inavyodai vidole. Kisha akamgeukia Fundi.

"Anavifuma mwenyewe hivi?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Pangehitaji maneno matatu. Fundi aliyapata yote, kisha akamwona Mwalimu amemgeukia na uso mweupe wa matumaini, ameshika ukingo wa meza.

"Anafuma," Fundi akasema. "Anafumia dukani kwangu."

Daktari alitafakari. Kama vidole vinafanya kazi namna hiyo, akasema, huenda vitafunguka vyenyewe, na hakuna haja ya kumtesa mtu. Aendelee, arudi baada ya miezi mitatu. Mwalimu alimshukuru mara nne. Njiani kurudi alimshika Fundi mkono kama msichana wa shule, na Fundi alijiambia atamwambia kesho. Kesho ikawa na sababu yake, na keshokutwa ikawa na yake, kisha mtoto akazaliwa salama na hapakuwa na siku yoyote ya kumharibia mtu furaha ya namna ile.

Blanketi lilikwenda. Miezi mitatu ikapita. Vidole havikufunguka.

Siku waliyorudi, daktari alitumia muda mrefu na ule mkono. Aliuliza kwa nini hawakurudi mara walipoona vidole havifunguki. Akasema kovu limekomaa, vifundo vimekakamaa, na kufungua sasa kungemletea maumivu bila faida. Mkono utabaki hivyo. Alisema pole, na alionekana kuumia kweli, kisha akamwita mgonjwa mwingine kwa sababu foleni ilifika nje.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mwalimu alikuwa amevua sweta ili daktari amwangalie hadi kiwiko. Sasa alilivaa tena, likabaki wazi mbele.

"Ni mimi," akasema. "Yule dada aliniambia nikunje mara ishirini kila saa. Mimi kichwa ngumu. Nikasema kufuma kunatosha. Nimeuua mkono wangu mwenyewe."

Fundi alitazama sakafu. Aliona kwamba akinyamaza hapa, Mwalimu atalibeba hili mpaka kaburini, na litakuwa si lake.

"Hukufuma wewe," akasema.

"Nini?"

"Vile vipande. Vyako vilitoka vibaya. Nilikuwa navifumua Jumatatu na kuvifuma upya. Hakuna pasi iliyofanya lolote."

Watu walipita na mafaili yao.

"Vyote?"

"Vyote."

"Na kile nilichompelekea mwanangu?"

"Na hicho."

"Wenzetu wanajua?"

"Wanajua. Lakini aliyefanya ni mimi."

Mwalimu alipangusa midomo kwa mgongo wa mkono wa kushoto. "Na siku ile daktari alipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ningekubali, Fundi." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Fundi angetoa chochote ipande. "Ningelia, ningekusumbua usiku kucha, lakini ningekubali kukatwa. Nimembeba mjukuu mara moja, na nimembeba kwa mkono mmoja, kwa kuogopa atanidondoka."

Fundi alianza kulia. Hakuomba radhi, hakuona neno la kutosha, na kulitoa dogo aliona aibu. Mwalimu hakumtazama. Aliinamia sweta lake, akaanza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, kuanzia chini. Vilikuwa vifungo vidogo, na tundu la kwanza lilimchukua muda mpaka muuguzi akatoka na kuingia mara mbili. Fundi alinyoosha mkono.

"Acha," Mwalimu akasema.

Fundi akaurudisha mkono mapajani, akaushika kwa ule mwingine. Akatazama kifungo cha pili, cha tatu, cha nne. Vidole vile viwili vya kulia vilikaa vimenyooka pembeni, havisaidii wala havizuii. Alipofika cha juu kabisa, kifungo kilibaki bila tundu, na kola ya upande mmoja ikapanda juu ya shavu. Mwalimu alishusha pumzi na kuupapasa mstari wa vifungo kwa kiganja, akidhani amemaliza.

Fundi alijipangusa pua.

"Umeruka tundu, Mwalimu," akasema. "La pili kutoka chini."

Mwalimu akavifungua vyote, kimoja kimoja, akaanza upya.