Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Naomi Chepkorir alikuwa amefura hata kabla ya kufika kwenye yadi ya magari, na ukimuuliza angekuambia ana haki. Alikuwa amemwambia ndugu yake Kiplimo waziwazi kwamba gari hili ni la Mzee, linanunuliwa na jasho la duka lake yeye Naomi la mbolea na dawa za mifugo, na hakuna mtu aliyemwita. Lakini alipotoka langoni kwake Kapsoya, mjini Eldoret, Jumamosi ile asubuhi, amemshika Mzee kiwiko wavuke barabara polepole, ni nani anawangoja ng'ambo na suti na miwani ya jua? Kiplimo, na tabasamu la mtu anayetafuta kura.

Na kura alikuwa anazitafuta kweli. Alikuwa anajipanga kuwania uwakilishi wa wadi huko kwao Chepsaita, na tangu alipoingiwa na wazo hilo hakuna kitu cha familia ambacho hakukitazama kama bango. Mazishi ya jirani, bango. Harusi ya binamu, bango. Sasa gari la baba yake mgonjwa. Alimwambia Naomi kwamba mwanamke haendi kununua gari la heshima peke yake kama anayenunua sukuma wiki, lazima awe na mwanamume wa nyumba hiyo. Naomi alitaka kumuuliza mwanamume wa nyumba hiyo ametoa nini zaidi ya marashi, lakini Mzee alikuwa katikati ya barabara na lori lilikuwa linakuja, kwa hivyo aliliinulia lori mkono lipunguze mwendo, akamvusha Mzee kwanza.

Hebu nikwambie habari ya Mzee kwanza, ndipo ujue kwa nini mwanamke mzima alikuwa amefura hivyo kwa sababu ya gari. Mzee Kipkorir alikuwa mtu wa trekta. Mashamba ya watu kutoka Turbo hadi Moi's Bridge yalilimwa na mikono yake, na alikuwa anapanda na kushuka kwenye trekta lile akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaota jua. Kisha kiharusi kikamwangusha na upande wake wa kulia ukalala, mkono na mguu. Akahamishiwa kwa Naomi mjini ili awe karibu na kliniki. Alijikaza akaanza tena kutembea na bakora, mwendo wake ni pole lakini ni wake. Akili ilikuwa nzima kabisa. Ulimi tu ndio ulikuwa mzito, neno lake lilitaka kusubiriwa, na katika ukoo ule wote hakuna aliyekuwa na muda wa kusubiri neno.

Shida ilikuwa magari. Mara ya mwisho alienda kliniki kwa pikapu ya Kiplimo, ile ndefu kwenda juu ambayo hata mtu mzima wa afya anaipanda akiguna. Walipofika, Kiplimo na askari wa langoni walimkamata huku na huku wakamshusha kama gunia la viazi la kutoka soko la Burnt Forest. Katika kusukumana huko suruali ya Mzee ikateremka hadi magotini. Palikuwa na foleni. Katika foleni hiyo palikuwa na wamama wawili wa kanisa lake, na mmoja aliangalia chini kwa heshima, na huko kuangalia chini ndiko kulikomuua Mzee. Jioni hiyo aliwaita watoto wake akasema maneno machache, na siku hiyo walimsubiri.

"Nikibebwa tena mbele ya watu, sitatoka tena nyumbani. Mtanizika kutoka kwa hiki kiti."

Hakuwa anatishia. Siku ya kliniki iliyofuata ilifika ikapita, hakutoka. Daktari alimpigia Naomi simu akamwambia kwamba presha ya Mzee isipopimwa na dawa zisipobadilishwa, kiharusi cha pili hakitabisha hodi. Naomi alibembeleza hadi akaishiwa. Mwishoni Mzee alikubali jambo moja tu: atajaribu gari moja, mara moja, na akishindwa kushuka mwenyewe, asisumbuliwe tena.

Naomi hakuchezea nafasi hiyo. Kule jikoni kwake kulikuwa na kiti kimoja ambacho Mzee alikuwa anakikalia na kuinuka bila kushikwa na mtu. Alikata kijiti kikalingana sawasawa na kiti hicho kutoka sakafuni, akakitia kwenye mkoba. Pikapu ziko juu sana, vigari vidogo viko chini sana na milango yao ni kama ya kibanda cha kuku. Alifikiri akaona ni saluni kubwa tu itakayofaa, zile motokaa ndefu za wakubwa, na katika yadi iliyo ng'ambo ya barabara palikuwa na moja nyeusi ya Mjerumani, iliyotumika Japani kwanza, ambayo alikuwa ameipitia kila asubuhi na kuitamani kwa ajili ya milango yake.

Muuzaji aliitwa Austine, kijana mtanashati wa maneno matamu. Alimwona Kiplimo na suti yake, akampita Naomi kama anayepita mlingoti wa stima, akasema karibu mheshimiwa. Mheshimiwa! Kiplimo alivimba pale pale. Kuanzia hapo gari likauzwa kwa mtu asiyelinunua. Austine alimwonyesha sanrufu, lile dirisha la paani, akaifungua, akaifunga. Alimwonyesha mbao za dashibodi, taa za ndani zinazobadilika rangi, kiti chenye mashine ya kukanda mgongo. Alimwonyesha mlango ambao huhitaji kuubamiza, unausogeza tu halafu unajivuta wenyewe taratibu mpaka unashika. Alisema vioo ni vya tabaka mbili, ukishafunga unaweza kupigiwa kelele na kijiji kizima na usisikie kitu. Kiplimo alikuwa anaitikia kila kitu na kusema hiyo ni muhimu sana, na Naomi angependa kujua sanrufu ina umuhimu gani kwa mtu aliyepooza mkono.

Aliuliza kama kiti cha nyuma kinapanda na kushuka. Austine akamjibu Kiplimo. Aliuliza mlango unafunguka hadi wapi. Austine akamwambia Kiplimo kwamba madam anauliza maswali mazuri. Naomi alihisi moto unampanda kutoka kwenye visigino. Alitoa kijiti chake, akachuchumaa na sketi yake nzuri, akakisimamisha kando ya kiti cha nyuma. Kililingana kama kilichokatwa kwa ajili yake.

"Dada, unapima gari kama unapima mahindi yameota kiasi gani?" Kiplimo alicheka, Austine akacheka, na vijana wa kuosha magari waliokuwa karibu nao wakacheka kwa kuambukizwa. Naomi alirudisha kijiti kwenye mkoba. Aliapa moyoni kwamba gari likimfaa Mzee atalinunua, na Kiplimo hatalikalia hata kulipasha moto.

Ilipofika saa ya kujaribu, Kiplimo ndiye aliyefungua mlango. Wa nyuma, upande wa kushoto. Mkubwa hukaa hapo, alieleza, kana kwamba kuna mtu wa Eldoret ambaye hajawahi kuona msafara wa waheshimiwa ukipita Uganda Road. Kushoto nyuma ni kwa mwenye heshima. Nyuma ya dereva ni mahali pa watoto na mizigo. Na hapa, sikufichi, Naomi alikubaliana naye. Baba yake alikuwa ameshushwa kama gunia, basi leo akae pale wanapokaa wakubwa. Mzee alisimama na bakora yake, akautazama mlango huo, akautazama wa upande wa pili, akainua mkono wa kushoto akaanza kusema, "Mimi..."

"Ndiyo Mzee, ni hapo hapo," Naomi akamkatiza, akampigapiga begani.

Mzee aliuteremsha mkono. Aligeuka, akaketi kinyumenyume, akaingiza miguu mmoja mmoja. Bila kushikwa. Naomi karibu alie kwa furaha. Austine akawasha injini waone ilivyo kimya, akauacha ufunguo ndani, akatoka kuendelea kumpaka Kiplimo mafuta. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara kutazama, maana gari jeusi la namna hiyo halikosi watazamaji. Naomi akamwambia Mzee sasa ashuke.

Mzee alitoa miguu nje, akaegemea mbele, akajisukuma. Hakuinuka. Alijaribu tena. Mlango na nguzo ya kushikilia, ile iliyo kati ya milango, vilikuwa upande wake wa kulia, upande wa mkono uliolala mapajani. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unapapasa ngozi laini ya kiti, haupati cha kushika. Alijisukuma mara nyingine, akarudi nyuma kwa kishindo. Mtu mmoja kwenye umati akasema pole Mzee, na Naomi akaona shingo ya baba yake inakauka.

Kiplimo alikuwa ameshavua koti. "Austine, shika miguu. Mimi nitashika kwa mabega."

Naomi alijitupa mbele yake na kumsukuma kifuani. Mzee naye akarudisha miguu ndani. Akauvuta mlango kwa mkono wa kushoto, kidogo tu, na ule mlango wa kifahari ukajivuta wenyewe taratibu mpaka ukashika. Kisha ikasikika tak, milango yote minne ikajifunga kwa ndani. Na ufunguo uko humo humo.

Hapo ndipo pakachafuka. Kiplimo alikipiga kioo kwa kiganja akiita Mzee, Mzee, fungua. Austine alikuwa anamsihi asikwaruze rangi. Mzee hakugeuza hata uso, na kama ni kwa sababu ya tabaka mbili za kioo au ni kwa sababu alikuwa ameshachoka nao, hiyo ni yake. Kiplimo alimgeukia Naomi akasema haya yote ni makosa yake, yeye na kijiti chake, amewaaibisha mbele ya wapiga kura. Wapiga kura! Naomi alipasuka.

"Ulimbeba mara moja akaacha kliniki. Leo ukimbeba tena, Kiplimo, unampeleka kaburini. Kabla hujamgusa nitakuvua hiyo suti hapa hapa, na wewe ujue vile suruali kuteremka mbele ya watu inakaa."

Kiplimo alifungua mdomo akasema kwamba heshima ya Mzee ni heshima ya familia nzima, Naomi akamwambia heshima gani, umemuuliza Mzee lini anachotaka, na Kiplimo akasema wewe je, umemuuliza? Naomi alikuwa na jibu kali sana tayari kwenye ulimi. Lakini alikumbuka ule mkono ulioinuliwa na kuteremshwa, na lile "Mimi..." alilolikata yeye mwenyewe, na hasira yote ikageuka ikamwelekea yeye.

Wakati huo hakuna aliyekuwa anatazama ndani ya gari. Mlango ukafunguka upande wa pili.

Naomi alizunguka mbio. Mzee alikuwa amejikokota kiti kizima, akauvusha mguu uliolala juu ya lile tuta la katikati, akafika nyuma ya dereva. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa umeikamata nguzo kati ya milango, ile mishipa ya mtu wa trekta imesimama yote. Uso ulikuwa umelowa jasho. Naomi alinyoosha mikono amdake, na Mzee akamtazama kwa jicho ambalo lilimsimamisha pale pale. Akavuta. Akainuka nusu, akatulia, akavuta tena. Akasimama wima juu ya kokoto za yadi, bakora kwapani, suruali mahali pake.

Akaanza kusema, na safari hii walisubiri. Hata Austine alisubiri.

"Nilitaka kuwaambia. Mkono mzima uko huku."

Kiplimo alikuwa ameshalivaa koti lake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Mzee hawezi kukaa nyuma ya dereva, mahali pa watoto, watu watasema nini?

"Watasema nimeshuka," Mzee alijibu.

Gari lilinunuliwa siku hiyo hiyo, na Austine alipouliza apatane bei na nani, Naomi alimtazama mpaka akajirekebisha mwenyewe.

Jumatatu walienda kliniki. Naomi aliendesha. Kiplimo aling'ang'ania kuja, akajiweka nyuma kushoto na suti yake, kwa sababu kiti cha mkubwa kilikuwa wazi na yeye si mtu wa kuacha kiti wazi. Askari wa langoni, yule yule wa siku ile, alilitambua jina la Mzee Naomi alipolitaja, akafunga lango, akaja mbio walipokwisha kuegesha na kuufungua mlango wa kushoto, mikono yote miwili tayari kubeba. Alimkuta Kiplimo. Akainama, akachungulia zaidi ndani, akakosa mgonjwa.

"Unamtafuta nani?" Mzee alimuuliza kutoka upande wa pili, akiwa amesimama, juu ya paa la gari.

Hapana, si juu ya paa. Sauti ndiyo ilipita juu ya paa. Yeye alikuwa amesimama chini kwenye lami, mkono wa kushoto bado umeishika nguzo, na wamama wa foleni wote walikuwa wanamtazama usoni.