Uko Vizuri, Kaka

Asankul alikuwa ameanguka mara nyingi asubuhi hiyo hata akaacha kujipangusa theluji. Alisimama katikati ya mlima, skii moja, ubao mrefu wa kutelezea theluji, ikielekea Uchina na nyingine ikielekea nyumbani, fimbo imemponyoka, akatukana. Aliutukana mlima, akazitukana na zile ngozi zenye manyoya zilizobandikwa chini ya skii. Aliambiwa zinashika theluji ili mtu apande bila kurudi nyuma. Yeye alikuwa anarudi nyuma tangu walipolipita zizi.

"Uko vizuri, kaka," alisema mdogo wake, Myrza, kutoka juu. "Pumzika kidogo, tutaendelea. Mlima wenyewe leo mgumu."

Uko vizuri! Maneno hayo Asankul alikuwa ameyachoka kabisa.

Tangu mgodi wa makaa ufungwe, kijijini kulikuwa na njia mbili za kula: mifugo, au Urusi. Asankul alikwishakwenda Urusi mara mbili, akabeba maboksi kwenye ghala huko Yekaterinburg, akarudi na maumivu ya mgongo, na mtoto wake mwenyewe akamwita mjomba. Sasa imezuka njia ya tatu. Wageni wanakuja na skii zao, wanapanda mlima kwa miguu nusu siku ili wateremke kwa dakika chache, na jioni wanacheka mezani wakiwa na midomo iliyopasuka kwa baridi. Myrza ndiye anayewaongoza. Sairagul, mwenye nyumba ya wageni, anatafuta kiongozi wa pili, na alikuwa ametamka wazi: Myrza akisema leo jioni kwamba kaka yake anafaa, kazi ni yake. Asipofaa, basi ni Urusi tena, na safari hii bila kujua atarudi lini.

"Mkirgizi kamwacha farasi zizini, anapanda mlima kwa miguu!" mkewe, Zuura, alikuwa amemwambia alfajiri akimfungia maandazi. "Baba yako angekuwa hai, angekufa leo."

Mtu wa tatu mlimani alikuwa Galina, daktari wa meno kutoka Almaty, mnene kidogo, mwenye ulimi. Naye ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda hivi. Kwake Myrza hakuwa na "uko vizuri" hata moja.

"Galina! Unafanya nini? Simama wima! Uzito kwenye kisigino! Usinyanyue mguu, usukume!"

"Nimelipa ili nitukanwe?"

"Ndiyo, na chai imo humohumo! Wima, nimesema!"

Galina alinung'unika, akanyooka, akasukuma mguu, na kila walipopinda kona alikuwa amemwacha Asankul mbali zaidi. Daktari wa meno! Asankul, aliyewahi kunyakua mzoga wa mbuzi, ule unaogombewa na wapanda farasi mchezoni, katikati ya farasi ishirini wanaogongana, alimwangalia mwanamke yule akipotea juu ya kilima. Naye alijitahidi kunyooka. Alidhani amenyooka. Kisha mteremko ulipozidi ukali akainama mbele kama mtu yeyote mwenye akili apandaye mlima, ngozi zikaachia, akalala kifudifudi.

Walipopumzika alimvuta Myrza kando.

"Niambie kweli. Nakosea wapi?"

Myrza alitazama viatu vyake. "Hukosei, kaka. Hizo skii ni za zamani, nzito."

"Galina umemwambia makosa yake yote."

"Galina ni mgeni."

"Na mimi?"

"Wewe ni kaka yangu."

Baba yao alikufa Myrza akiwa bado ananyonya. Asankul ndiye aliyempandisha farasi, na alipoanguka akamchapa, akampandisha tena. Hakuna siku aliyomwambia mtoto yule kwamba yuko vizuri wakati hayuko. Sasa mtoto amekuwa mwalimu, na mwalimu hataki kufundisha.

Walifika kileleni Asankul akiwa wa mwisho, jasho limemganda mgongoni. Walibandua ngozi, wakazikunja, wakafunga visigino vya viatu kwenye skii tayari kwa kushuka. Chini yao theluji ilikuwa imelala bila alama hata ya sungura.

"Kaka," alisema Myrza taratibu, "kama utapenda, tupite kushoto, kwenye misonobari. Kulia nako kuzuri, ila... kushoto kuna kivuli."

Kulia kulikuwa laini, kweupe, kunanyooka hadi bondeni. Galina alikuwa anaangalia. Asankul alikuwa amebembelezwa kutwa kama mgonjwa, na aliapa moyoni kwamba angalau jambo moja leo atalichagua mwenyewe. Akaenda kulia.

Alipinda mara ya kwanza, akajilaza nyuma. Alipinda mara ya pili, mapaja yakiwaka moto. Kisha theluji ikatoa sauti nzito chini yake, kama mtu aliyemeza tonge kubwa, na ufa ukakimbia mbele ya skii zake. Mteremko wote ukaanza kutembea. Alitupwa ubavu, theluji ikamjaa mdomoni, akagonga vichaka vya mreteni, na hapo pakatulia. Alikuwa amefunikwa hadi kifuani, anapumua.

"Asankul! Asankul, punda wewe!" Myrza alishuka akipiga kelele, koleo mkononi, akaanza kuchimba. "Nimesema kushoto! Upepo umerundika theluji hapa, hata kipofu angeona! Una kichwa au una kofia tu? Ningemwambia nini Zuura? Eh? Ningemwambia nini?" Akampiga ngumi ya bega. Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, koleo likamtoka. "Nisamehe, kaka."

"Hukusema kushoto," alisema Asankul akitema theluji. "Ulisema kuna kivuli."

Juu, Galina aliita kuuliza kama kuna aliyekufa, akaambiwa hapana, ashuke kwa misonobari, polepole.

"Jioni utamwambia nini Sairagul?" aliuliza Asankul.

"Kwamba uko vi..." Myrza alisita. "Nitamwambia hapana. Hufai. Ukimleta mgeni huku utamwua."

Kutwa Asankul alikuwa ameomba kuambiwa ukweli, na ulipokuja alitaka kumzaba kofi aliyeusema. Aliona maboksi, akaona kitanda cha chuma katika chumba cha wanaume wanane. Alikunja ngumi ndani ya theluji mpaka ikamwuma.

"Endelea," alisema.

"Ukipanda unainama kana kwamba unashika shingo ya farasi, ndiyo maana ngozi zinateleza. Ukishuka unajilaza nyuma, farasi vilevile. Mguu wa kushoto haugeuki kabisa. Na ukiambiwa husikii."

"Sijaambiwa."

"Hujaambiwa," Myrza alikubali, akifuta pua kwa glavu. "Nusura nikuzike kwa sababu ya adabu."

Jioni Asankul alimlazimisha ayaseme yote tena mbele ya Sairagul, yeye akiwa amekaa palepale na kikombe cha chai ambacho hakukigusa. Sairagul alimchukua mtu wa kijiji cha pili. Zilizobaki kabla ya safari ya Urusi zilikuwa siku chache, na kila asubuhi wazee waliokwenda kunywesha farasi walisikia kutoka kilima cha nyuma ya zizi jambo la aibu kubwa: mdogo akimkaripia mkubwa, kwa jina, bila haya. "Wima, Asankul! Kisigino! Umekufa?" Mmoja alikwenda kwa Zuura kushtaki. Zuura alimpa chai, akamwambia kwamba mumewe kayataka mwenyewe, na kelele hizo hata mbwa wamezizoea.

Siku ya kuondoka Myrza alimbebea kaka yake begi hadi kwenye gari la kwenda mji wa Karakol.

"Msimu ujao," aliuliza Asankul, "nitafaa?"

Myrza alifungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga. Dereva alipiga honi.

"Sijui," alisema mwishowe. "Mguu wa kushoto bado mbovu."

Asankul aliitikia kwa kichwa, akapanda, akakaa dirishani. Njia nzima hadi Karakol alikuwa akikandamiza uzito kwenye visigino, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka jirani yake akamwomba atulie.