Moyo wa Euphrasie kwenye Ekografi

Akilimali alimleta mke wake Euphrasie hospitalini Mweso kwa pikipiki, kutoka Pinga. Alikuwa amejifungua mwezi uliopita. Sasa miguu ilimvimba, na akilala chali pumzi inamkatika. Nyumbani walikuwa wameamua kwamba ni karuho, sumu ya kutiliwa kwenye chakula, na mganga alikuwa amemtapisha hadi akaishiwa nguvu.

Niliweka sonda ya ekografi, kifaa cha kupiga picha za ndani ya mwili, kifuani pake. Kwenye kioo moyo ulionekana umepanuka, na kuta zake zilisogea kidogo tu.

“Docta, sumu unaiona?” Akilimali aliuliza.

“Sumu haiko, Papa. Musuli ya moyo njo imechoka. Inafikiaka bamama wengine kisha kuzaa.”

Hakuniamini. Nikafungua shati, nikaiweka sonda kifuani pangu ili alinganishe. Moyo wangu ulijikunja na kufunguka kwa nguvu.

“Ya kwako iko na kiburi, Docta,” Euphrasie alisema, akijaribu kucheka. “Yangu inaenda sawa pikipiki ya huyu bwana mu matope.”

Nikairudisha sonda kwake, nikamweleza kwamba kuna dawa, na kwamba baadhi hupona.

Akilimali hakucheka. “Kwa hiyo hakuna muntu alimuroga?”

“Hakuna.”

“Mapendo njo alimupikia sombe,” alisema polepole. “Tulichoma nyumba yake. Alikimbia mu pori na batoto.”

“Mapendo, dada yangu?” Euphrasie aliuliza.

Kwenye kioo moyo wake ulianza kwenda mbio, lakini kuta zake hazikuongeza nguvu hata kidogo.