Wazazi Wembamba wa Hindi Langu

Usiku wa kuamkia leo nimeota hindi kubwa kuliko yote darini limekohoa.

Sikushangaa. Tangu mavuno lilikuwa linaning'inia juu ya moshi wa jiko letu pamoja na wenzake thelathini na wanane. Niliyachagua mwenyewe kwa ajili ya mbegu, kama marehemu baba alivyofanya maisha yake yote: makubwa, yaliyojaa punje hadi nchani. Tofauti ni kwamba haya yalitokana na mbegu chotara, ya kwanza kupandwa shambani kwetu. Mke wangu Tusekile alinisihi siku tatu mfululizo kwamba chotara hairudiwi kupandwa msimu wa pili, bwana shamba alishasema. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwao Tukuyu wanalima migomba, mahindi angeyajulia wapi? Mvua zilikuwa zimekaribia, na heka zetu mbili ndizo chakula cha watoto wanne mwaka mzima.

"Shikamoo, baba," hindi likasema. "Wazazi wangu wamefika. Naomba uwapokee."

Natazama mlangoni. Wamesimama bwana na bibi, wembamba, wananifikia magotini. Nawakaribisha, nawapa vigoda.

"Samahani," nasema, "mtoto mkubwa hivi, mbona nyinyi mmekonda?"

"Ukoo wetu umeoana wenyewe kwa wenyewe vizazi saba," anajibu bwana. "Kimo kimeisha. Ila punje zetu ni ngumu, fukusi anazipita bila salamu."

"Kwetu pia tumeoana wenyewe," anasema bibi, "lakini hakuna anayeangushwa na upepo. Basi huyu alipokuja kwetu, mgeni kabisa, tukazaa mtoto mmoja. Akapasua paa."

Natazama juu. Kweli paa limepasuka, na jiko halipo tena. Tuko shambani, ni mwezi Machi, na watoto wa hindi langu wamejipanga kwa mistari. Nina daftari mkononi, kwa hiyo naita mahudhurio.

Wa kwanza ni mrefu kama mlingoti, hana hata hindi moja. "Nimemfuata babu mzaa baba," anasema.

Wa pili amelala chali. "Nimemfuata babu wa babu. Naye alipenda kulala."

Wa tatu ana hindi zuri. Nalimenya. Ndani kuna fizi tupu, na punje tatu zinazoniangalia.

"Nguvu za mzazi wenu ziko wapi?" nauliza.

"Tuligawana, baba," wanajibu kwa adabu. "Kila mtu akapata kidogo. Halafu upepo ukatuozesha ndugu kwa ndugu."

Watoto wangu wanne wanakuja na sahani zao. Wanakaa kwenye mtaro, wanasubiri, hawalalamiki. Yule mdogo ananyanyua sahani yake ili niione vizuri. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

"Nifanye nini?" namuuliza yule bibi mwembamba.

"Shamba la mbegu lina kanuni," anasema. "Mmea wa upande wa mama hukatwa mbelewele, lile shungi la utosini, usije ukajizalisha wenyewe. Na wewe, mwanangu, umekuwa ukijisikiliza mwenyewe tu. Inama."

Nainama. Anapanda mabegani kwa mumewe, ananishika utosini kwa mikono miwili, anavuta.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Tusekile alikuwa amesimama kando ya kitanda, kikombe cha chai mkononi, akinitazama kichwani.

"Baba Ambakisye, nani amekunyonyoa?"

Nikapapasa utosini. Palikuwa laini, mviringo mdogo usiozidi kifuniko cha chupa, na palikuwa bado pa moto. Nikaona aibu, lakini si kwa sababu ya nywele.

"Mke wangu, nilikukosea," nikasema. "Yale ya darini yapukuchue tupike makande. Leo tukatafute mbegu mpya."

Kisha akanipa chai.

"Haya," akasema. "Ila vaa kofia."