Kinanda cha Mwalimu Hakiguswi

Siku ya tatu hiyo, kinanda kimenuna tu. Fundi alikuwa chini ya meza, anachomoa waya na kuuchomeka tena, ingawa alijua fika kwamba waya hauna kosa. Jina hilo la Fundi, binti huyu alibandikwa na mama yake, kwa kuwa hutengeneza kompyuta za watu.

"Mchagua jembe si mkulima," mama akamtania kutoka kitini. "Juzi ulisema waya, jana spika. Kesho utasema ukuta."

Mama huyo, mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alifundisha muziki shuleni miaka thelathini, mpaka ugonjwa wa neva ulipomshika mikono. Sasa alishikilia kwamba mikono imepona, ila piano ya shule ndiyo nzito. Basi Fundi akamnunulia kinanda chepesi cha MIDI, ambacho chenyewe ni bubu: kinaipelekea kompyuta habari ya kitufe kilichobonyezwa, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti. Kesho saa nne asubuhi mwalimu mkuu angekuja kumsikiliza. Akipiga, anarudi darasani. Asipopiga, kazi ndiyo imekwisha, na Mwalimu bila darasa ni nani? Hata yeye mwenyewe hakujua.

Na hiyo kompyuta inayotumia Linux badala ya Windows, jamani, inataka kubembelezwa! Fundi alishaweka programu ya kutoa sauti, akaipa faili la sauti za piano, kisha akakiunganisha kinanda na programu kwa amri, maana Linux haikuunganishii kitu usichoiomba. Nyimbo za kawaida zilitoka kwenye spika vizuri tu. "Bonyeza, mama." Mama anabonyeza. Kimya. Fundi akapandisha sauti hadi mwisho. Kimya vilevile.

Utauliza kwa nini hakubonyeza mwenyewe. Ndugu yangu, wewe hukulelewa nyumba ile. Kinanda cha Mwalimu hakiguswi. Fundi alionjeshwa rula ya vidole akiwa na miaka sita, na sasa ana thelathini na moja, mkono wake haujawahi kurudi pale.

Mwishowe akafungua dirisha linaloonyesha kila habari inayotoka kwenye kinanda: kitufe gani, na kimepigwa kwa nguvu kiasi gani, kuanzia moja, isiyosikika, hadi mia na ishirini na saba. Mama akabonyeza. Tatu. Mbili. Nne.

"Kinanda kibovu hiki," Fundi akasema. "Nakirudisha dukani."

Mwalimu akaenda jikoni kunywa maji. Fundi akautazama mlango, akanyoosha kidole kimoja kama mwizi, akabonyeza.

Piano ikanguruma, vioo vya dirisha vikatetemeka. Themanini na tisa.

"Imekubali!" mama akapiga kelele, na bilauri ikasikika ikianguka. "Mwanangu we! Si nilikwambia mikono haina kitu?"

Kumbe kinanda hakina kosa. Haraka haraka Fundi akaandika amri nyingine: kila kitufe, kikipigwa vyovyote vile, kihesabiwe tisini. Akapunguza sauti.

Mama akaketi, bado anacheka, akapiga mistari miwili. Piano ikamwitikia noti kwa noti. Kisha kicheko kikamwisha. Akaurudia mstari wa pili.

"Hapa nimepapasa. Hapa nimekaza. Mbona zote zinapiga kelele sawasawa?" Akamgeukia binti yake. "Njia ya mwongo ni fupi, Fundi. Nani amepiga nilipokuwa jikoni?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Safari hii hakuna aliyetafuta rula. Mwalimu aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye gauni.

"Rudisha kama ilivyokuwa. Na hizo nambari unisomee."

Fundi akarudisha. Mwalimu akapiga wimbo mzima, ule aliokuwa akifungulia kila mwaka wa shule, mgongo kaunyoosha, macho kayafumba. Kilichosikika ni plastiki tu, ta, ta, ta, na binti akisoma huku analia: tatu, nne, tatu, mbili.

"Mpigie mwalimu mkuu," mama akasema alipomaliza. "Mwambie asijisumbue kuja."

"Sawa, mama."

"Na ile noti ya mwisho, ilikuwa ngapi?"

Fundi alitamani kusema ishirini. "Nne."

"Hiyo niliikaza," Mwalimu akasema. "Hiyo niliikaza kwa nguvu zangu zote."