Nukta Juu ya Mkate

Kwa miaka tisa Yamna alisema atajifunza kusoma. Alisema akikanda unga, akianua nguo, na kila ilipofika barua ya mwanawe Jawad kutoka Nador, ambayo imamu ndiye aliyemsomea. Mara mbili alijiandikisha darasa la wanawake msikitini, na mara mbili akaacha kabla mwezi haujaisha.

Hniya, mke wa shemeji yake, aliyeishi naye nyumba moja pale Sefrou, hakutangaza chochote. Siku moja tu, kabla mkate haujapelekwa kwenye tanuri la mtaa, alichora alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, juu ya donge lake kwa ncha ya kijiti. Kila nyumba ina alama yake ya mkate, moja msalaba, nyingine matundu matatu. Hniya aliacha yake ya zamani, akasema kila siku ataweka herufi moja. Herufi ishirini na nane, siku ishirini na nane.

Yamna alitabasamu, lakini roho ilimuuma. Kumbe ni rahisi hivyo? Tena Hniya angejua kwanza. Siku Jawad akiandika, Hniya angemsomea barua ya mwanawe mwenyewe, kwa sauti ya upole, na hilo lilikuwa baya kuliko kusomewa na imamu.

Siku ya pili Hniya alichora be, akaenda kuchota maji. Yamna alibaki peke yake na mbao mbili za mikate. Alitazama ile herufi, kibakuli chenye nukta chini. Akaisawazisha nukta kwa kidole, akabonyeza nyingine juu. Akafunika kitambaa haraka.

Tanurini mzee Allal alitoa mikate kwa koleo lake refu. Mkate wa Yamna aliuacha nyuma kidogo, kwani alijua anaupenda ukikauka. Kisha akauliza mwenye nuni, ile herufi ya kibakuli chenye nukta juu, ni nani. Hniya alikuwa akisubiri be.

"Hniya, si wako huu?" mwanamke mmoja akacheka. "Jana alifu kwa kijiti, leo nuni! Umeruka mto mzima bila daraja."

Wengine wakacheka. Hniya aliutazama mkate, kisha akatazama vidole vya Yamna, vyenye unga mkavu kwenye kucha.

"Wangu," alisema. "Nimekosea mwenyewe."

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Yamna alishindwa kujizuia.

"Ni mimi niliyeiharibu."

"Najua, dada. Mimi natumia kijiti, nukta yangu haiwi pana hivyo."

"Basi kwa nini ulinisitiri?"

Hniya alihamisha ubao wake begani. "Wangekucheka wewe badala yangu. Mimi nimeshazoea kuchekwa na wale. Lakini niambie, ulijuaje kwamba nukta ikikaa juu inakuwa nuni?"

"Sikujua. Nilitaka tu isiwe yako."

Hniya akacheka sana hata ubao ukayumba, na Yamna akaudaka upande mmoja. Wakaenda hivyo, wameushika wote wawili, Yamna akiwa na uso wa hasira na aibu.

Mlangoni aliuliza, kama mtu asiyejali, ingechukua siku ngapi mtu akianza kesho. Hniya akamwambia zilezile, ishirini na nane.

"Wewe utamaliza siku mbili kabla yangu."

"Ndiyo."

Hilo Yamna hakulivumilia. Asubuhi iliyofuata aliamka mapema kuliko wote, akakanda unga wa mikate mitatu badala ya mmoja wake wa kila siku. Alipoingia Hniya jikoni alimkuta ameinama na kijiti, ulimi nje kidogo: mkate wa kwanza ulikuwa na alifu iliyopinda, wa pili be, na juu ya wa tatu mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

"Ya leo ni ipi?" akauliza bila kuinua kichwa. "Nionyeshe upesi, unga unaumuka."