Miti Iliyokuwa Juu ya Kambi

Karani wa kumbukumbu katika ofisi ya wilaya alipewa wiki tatu aandike kijitabu cha historia. Wilaya ile ya milimani ilikuwa inakufa taratibu. Kiwanda cha mbao kilishafungwa, shule moja kati ya mbili iligeuzwa ghala, na vijana walioshuka bondeni walirudi kwa mazishi tu. Mkuu wake alitaka wageni waje kupanda milima.

"Andika ya kuvutia," alimwambia. "Maji safi, sufu ya kondoo, watu wakarimu. Maporomoko ya ardhi yaguse juu juu."

Yasingeguswa juu juu. Miaka thelathini na moja nyuma, asubuhi moja ya mvua, mlima ulimeguka ukaifunika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. Watu arobaini na watatu walifukiwa. Tangu siku hiyo ilisemwa ni kazi ya Mungu, na hakuna aliyebisha.

Karani akaenda kwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyewahi kuwa mnyapara wa wakata miti. Mzee aliishi peke yake katika chumba kimoja chenye harufu ya moshi na dawa ya kuchua. Alimkuta na jirani yake, fundi cherehani, rafiki wa tangu utotoni wa mama yake karani, aliyemletea uji kila asubuhi tangu magoti yake yalipoisha nguvu. Fundi huyo alipoteza mume, aliyekuwa rafiki wa mzee, na mtoto wa miezi minane katika yale maporomoko.

"Shemeji, mbona hujamaliza?" fundi aliuliza akichungulia kikombe.

"Nimembakizia panya. Naye ni mpangaji."

Fundi akacheka, akaenda zake. Mlango ulipofungwa mzee akasema, "Unaandika, mwanangu?"

"Naandika, mjomba."

"Basi andika hivi. Ule mteremko wa juu ya kambi haukutakiwa kuguswa. Wachungaji wa kondoo walituambia ile miti ndiyo inayoushika mlima. Meneja akataka mbao zake kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye niliyeitia alama ya rangi ili ikatwe, mti mmoja mmoja. Na nilijua."

"Ungekataa, wangemtafuta mwingine."

"Wangemtafuta. Lakini hawakuhitaji kumtafuta."

Karani aliandika kila neno. Mkuu alipofika kwenye ukurasa huo aliufuta wote, akaandika pembeni: mvua kubwa isiyo ya kawaida. Karani akaichukua karatasi, akaenda kuiandika upya. Ajira katika wilaya ile zilihesabika kwa vidole.

Kijitabu kilipotoka alimpelekea mjomba nakala, akamsomea. Mzee hakumlaumu.

"Mdomo ninao mwenyewe," alisema.

Akachukua fimbo, akavuka ua hatua kwa hatua mpaka kwa fundi. Karani akamfuata nyuma. Fundi alikuwa anashona pindo la sare ya shule. Alimsogezea mzee kigoda, lakini mzee hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Cherehani ikanyamaza.

"Hizo alama ulizitia lini?" fundi aliuliza.

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu ndipo nilipojifungua. Ulikuja kumwona mtoto. Ukamletea kofia ya sufu."

"Nilikuja."

"Ukiwa unajua."

"Nikiwa najua, shemeji."

Fundi alikanyaga cherehani tena. Mshono ukaenda upande, naye hakuurekebisha. "Nenda nyumbani," alisema bila kuinua macho.

Kesho yake uji haukuja, wala keshokutwa. Karani akaanza kupitia kwa mjomba kila siku kabla ya kazi, akimwashia jiko na kumchua magoti. Mzee hakuulizia chochote, ila kila hatua zikisikika uani aligeukia mlango. Fundi hakumtangaza kwa mtu. Waliokutana naye kisimani walisema tu kwamba amekonda na hacheki.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, na kifua cha mzee hakikuistahimili. Mazikoni walifika watu kumi na wawili, wengi wao vikongwe. Fundi alisimama nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika alitupa udongo kidogo, akageuka aondoke. Karani akamkimbilia, akamshika mkono.

"Asante kwa kuja, mama."

Fundi aliutoa mkono wake polepole.

"Nimekuja kwa ajili ya mama yako," alisema, akashuka mlima.